Printa Imeacha Kutoa Wino Mweusi: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwenye meza ya kazi ya steshenari yetu hapa Mtwara mjini. Kila wiki tunaletewa printa zenye ugonjwa mmoja: bluu inatoka, nyekundu inatoka, njano inatoka, nyeusi hakuna. Wanaozileta ni walimu, makarani wa vyama vya msingi vya korosho kutoka Tandahimba na Newala, na vijana wenye vibanda vya kujaza fomu. Wengi hufika wakiwa wamehangaika siku mbili tatu, na mara nyingi kule kuhangaika ndiko kulikoiumiza mashine kuliko tatizo lenyewe. Kama printa yako imegoma leo asubuhi, soma kwanza, kitufe kitasubiri.

Fundi, tanki la wino mweusi limejaa. Mbona karatasi inatoka nyeupe?

Tanki kujaa ni jambo moja, wino kufika kwenye karatasi ni jambo jingine. Wino unatoka tankini, unapita kwenye mpira mwembamba, unachujwa, halafu unaingia kwenye hedi, kile kidude kinachokwenda kulia na kushoto. Chini ya hedi kuna matundu ambayo jicho haliyaoni. Hayo ndiyo nozeli. Epson L3110, ambayo utaikuta kwenye steshenari nyingi, ina nozeli 180 za rangi nyeusi na 59 kwa kila moja ya rangi nyingine tatu.

Safari hiyo inaweza kukatika popote. Hewa imeingia kwenye mpira. Wino umekauka kwenye nozeli. Kile kifuniko cha mpira ambacho hedi hukikalia ikipumzika kimechafuka, hakivuti tena. Au kompyuta ndiyo iliyoamuru nyeusi isitumike. Kwa nje dalili ni ileile, lakini dawa ni tofauti kabisa, na dawa ya moja inaweza kuwa sumu kwa nyingine.

Sasa nianzie wapi?

Anzia kwenye kipimo cha nozeli. Usianze kwa kusafisha hedi, wala kununua wino, wala kufungua skrubu. Ni karatasi moja tu ambayo printa inajichorea yenyewe, mistari midogo kwa kila rangi. Kwenye kompyuta fungua orodha ya printa, ingia kwenye mipangilio ya printa yako, tafuta sehemu iliyoandikwa Maintenance, kisha Nozzle Check. Mashine isiyo na skrini huwa pia na njia ya vitufe, na imeelezwa kwenye kijitabu kilichokuja nayo.

Karatasi ikitoka, isogeze kwenye mwanga wa mlangoni uisome taratibu. Printi ya pili papo hapo, uziweke pamoja. Tunasisitiza mbili kwa sababu ya pili ndiyo inayosema kweli.

Mistari myeusi ikiwa na mapengo, na mapengo hayo yakawa palepale kwenye karatasi zote mbili, wino umekauka kwenye nozeli hizo. Mapengo yakihama, karatasi ya kwanza yako juu na ya pili yako katikati, hapo hakuna kilichoziba. Ni hewa, au wino haufiki kwa kasi inayotakiwa. Nyeusi ikikosekana yote, hata nukta, huku rangi tatu zikiwa safi kabisa, basi kuna bonge la hewa, au hedi imeziba yote, au upande wa umeme wa nyeusi umekufa. Na mistari ikitoka mizima bila kasoro, acha hedi kabisa. Tatizo liko kwenye kompyuta au kwenye mipangilio.

Kuna dalili moja zaidi ambayo kipimo hakiioneshi vizuri. Printi ukurasa uliojaa maandishi. Ukianza mweusi mzuri juu, ukafifia katikati na kupotea chini, halafu ukurasa unaofuata baada ya mapumziko ukaanza vizuri tena, wino unafika ila unachelewa. Hedi inaumaliza wino uliopo kabla mwingine haujashuka.

Andika tarehe kwa kalamu kwenye kila karatasi ya kipimo na uitunze. Mteja anayekuja na karatasi tano zenye tarehe tunamhudumia haraka kuliko anayekuja na maelezo ya nusu saa.

Kipimo kimetoka kizuri, ila barua yangu haina maandishi meusi.

Kama printa yako ina sehemu ya fotokopi, toa kopi ya karatasi yoyote bila kutumia kompyuta. Kopi ikitoka nyeusi, mashine ni nzima, shida iko kwenye kompyuta.

Mara nyingi ni aina ya karatasi iliyochaguliwa. Mtu aliprinti picha ya pasipoti jana, akachagua karatasi ya picha, akasahau kurudisha karatasi ya kawaida. Printa ambazo nyeusi yake ni ya chembechembe (vipande vidogo vya rangi vinavyoelea kwenye wino) na rangi zake ni za kuyeyuka kwenye maji, kama Canon za matanki za kundi la G, haziutumii ule wino mweusi kwenye karatasi ya picha. Zinachanganya rangi tatu kupata weusi. Rudisha karatasi ya kawaida, jaribu tena. Ikishindikana, futa draiva, ile programu inayoiunganisha kompyuta na printa, uiweke upya, na hakikisha ni ya mfano huohuo wa printa, si ya ndugu yake.

Nimesafisha hedi mara kumi, bado. Niendelee?

Hapana. Tunaomba usiendelee.

Kila ukibonyeza kusafisha, pampu inanyonya wino kupitia nozeli zote, pamoja na zile rangi ambazo hazina tatizo lolote, na kuumwaga kwenye pedi iliyo chini ya mashine. Pedi ile ina kikomo, na printa inahesabu. Hesabu ikifika mwisho mashine inajifunga: taa zinawaka kwa kupokezana, au kwenye Canon nyingi unaona 5B00, na hapo huprinti hata nukta mpaka pedi ibadilishwe na hesabu irudishwe. Isitoshe, kama shida ilikuwa hewa, kuvuta mfululizo kunaweza kuvuta hewa zaidi.

Maelekezo ya Epson kwa mashine hizi za matanki ni ya busara, na sisi tunayafuata kwa printa nyingi. Pima, safisha, pima. Rudia hivyo hadi mara tatu. Kama bado, izime kwa kitufe chake na uiache angalau saa 12 bila kuprinti, kisha pima tena. Watu huona kama tunawafukuza tukiwaambia "ikalaze hadi kesho", lakini muda ule ni tiba: mapovu yanapanda na kutoka njiani, na wino uliokauka unalainika kwa ule mbichi ulioshuka nyuma yake. Tumeona printa nyingi zikiamka asubuhi bila kuguswa.

Baada ya usingizi huo ndipo unaweza kutumia usafishaji mkubwa, ule unaovuta wino mwingi kwa mkupuo. Kabla yake hakikisha kila tanki lina angalau theluthi moja ya wino. Likiwa chini ya hapo utavuta hewa, na utakuwa umeanza safari upya.

Somo hili tulilipia wenyewe. Mwaka wa kwanza wa duka, jioni, mama mmoja alihitaji fomu za mkopo wa chuo za mwanawe ziwe tayari kabla basi la alfajiri halijaondoka. Nyeusi ikakata. Nikasafisha, nikasafisha, hadi saa tano usiku. Nyeusi haikurudi, pedi ikajaa, printa ikajifunga, na yule mama akaondoka bila fomu. Ile mashine ilihitaji kulazwa usiku mmoja tu.

Printa ilipiga kazi msimu mzima wa korosho. Nimeiwasha Mei, nyeusi haipo. Nani kaiharibu?

Hakuna aliyeiharibu. Imekaa.

Hili ndilo swali la kusini, na ndiyo sababu hasa ya kuandika ukurasa huu. Kazi zetu huku zina msimu. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho inapoanza, chama cha msingi kinaprinti kutwa: orodha za wakulima, hati za mzigo, taarifa za malipo. Wino unatembea, nozeli zinabaki mbichi. Ikifika Februari au Machi kazi inaisha, printa inafunikwa gunia kwenye kona ya ofisi, na hakuna anayeikumbuka hadi mtu ahitaji barua. Kwa miezi hiyo maji yaliyomo kwenye wino yanatoka kidogo kidogo kupitia nozeli, na kinachobaki kinaganda. Nyeusi ya chembechembe huathirika zaidi, kwa sababu ndani yake kuna vipande vidogo vya rangi vinavyoelea, na maji yakipungua vinashikana.

Wino mweusi unauawa na kukaa. Kazi haiuui.

Dawa yake ni ukurasa mmoja kwa wiki wenye rangi zote nne. Tumewatengenezea wateja wetu karatasi yenye miraba minne, nyeusi, bluu, nyekundu na njano. Karani anaiprinti kila Ijumaa kabla ya kufunga ofisi. Chupa ya wino mweusi ya L3110 ina mililita 65, na kiwandani wanaikadiria kurasa 4,500. Miraba minne kwa wiki haitausogeza wino wako hata kidogo ukilinganisha na hedi mpya.

Na salfa, wenzetu wa mashambani. Wakati wa kupulizia mikorosho, vumbi lile la njano linaingia hadi ndani ya droo. Kama ofisi iko jirani na stoo ya salfa, au magunia yamepangwa chumba hichohicho, ihamishe printa. Vumbi linatua kwenye kifuniko ambacho hedi hukikalia, ukingo wake haushiki vizuri, hedi inalala wazi na kukauka. Ifunike kwa kitambaa kisafi kilichofumwa vizuri. Gunia lina vumbi na nyuzi zake lenyewe.

Umeme ukikatika katikati ya kuprinti, kuna madhara?

Yapo, na hayaonekani siku hiyo. Ukizima printa kwa kitufe chake, hedi inarudi pembeni na kukalia kile kifuniko cha mpira kinachoizuia kukauka. Umeme ukikatika ghafla, hedi inabaki katikati, wazi, kama chungu kisicho na mfuniko. Umeme ukirudi, jambo la kwanza ni kuiwasha printa, hata kama huna cha kuprinti, iache ijirudishe, halafu uizime kwa kitufe.

Wanaozima swichi ya ukutani au ya kebo ya ekstensheni kila jioni ili kuokoa uniti za LUKU wanafanya kosa hilohilo. Kitufe cha printa kwanza, subiri taa izimike kabisa, ndipo swichi ya ukutani. Ukiweza kupata UPS ndogo, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika, printa hizi za matanki zinakula umeme kidogo sana, chini ya wati 20 zikiwa kazini, kwa hiyo hata betri dogo linatosha kumaliza ukurasa na kuirudisha hedi mahali pake.

Naona vipande vyeupe kwenye mpira wa wino mweusi. Ni nini?

Hewa. Aghalabu tanki lilishuka chini ya mstari wa chini kabisa na watu wakaendelea kuprinti. Jaza hadi mstari wa juu, safisha mara moja, ilaze saa 12. Mashine za zamani kama Epson L110, L210 na L355 zina kitasa pembeni cha kufunga wino wakati wa kusafirisha. Kiangalie. Tumewahi kupokea printa kutoka Masasi iliyohangaikiwa wiki nzima, na kitasa kilikuwa bado kwenye alama ya kufunga.

Nilinunua wino wa bei nafuu nikachanganya na uliokuwepo. Inawezekana ndiyo sababu?

Inawezekana sana. Wino mweusi uko wa namna mbili: unaoyeyuka kama rangi kwenye maji, na ule wa chembechembe. Ukichanganya aina mbili ambazo hazikutengenezwa kukaa pamoja, zinaweza kuganda na kuwa uji, na uji huo haupiti kwenye nozeli. Angalia namba iliyoandikwa kwenye tanki au kwenye kijitabu, ununue chupa yenye namba ileile. Wenye kazi za vikombe na fulana wawe waangalifu zaidi, maana chupa za wino wa kuhamisha kwa joto zinafanana sana na za kawaida.

Kama umeshachanganya, usiprinti tena. Wino ule utolewe wote, tanki na mipira isafishwe. Hiyo ni kazi ya fundi.

Yangu ni ya katriji, si ya matanki.

Hapo una bahati. Katriji kama HP 123 au 652 zina hedi yake mlemle. Ukiweka katriji mpya umeweka na hedi mpya.

Kabla ya kununua, itoe ile nyeusi. Kama ni mpya, angalia kama ule utepe wa plastiki kwenye nozeli umeondolewa, kwa sababu wengi huusahau. Kama ni ya zamani na bado nzito, ina wino ndani, weka tishu mbili tatu juu ya kisahani, zilowanishe kwa maji ya betri yenye uvuguvugu, na uisimamishe katriji nozeli zikiwa chini kwa dakika moja au mbili. Ukiona doa jeusi pana linasambaa kwenye tishu, nozeli zimefunguka. Futa kwa kugusa, usisugue. Zile sehemu za shaba zinazopokea umeme zifute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, ziache zikauke kabisa, ndipo uirudishe.

Wanaojaza katriji kwa sindano: ingiza wino polepole sana. Ukisukuma haraka unafungia hewa kwenye sponji, na wino hautashuka. Na usiiache iprinti ikiwa kavu. Katriji hizi zinarusha wino kwa kuuchemsha ndani ya hedi, na wino ndio unaoipooza. Pasipo wino, hedi inaungua.

Maji ya betri? Si yatachoma?

Maji ya betri na asidi ya betri ni vitu viwili. Unachotaka ni yale maji yaliyosafishwa yanayouzwa sheli na maduka ya spea kwa ajili ya kuongezea betri ya gari. Soma chupa, na umwambie muuzaji unataka maji. Maji ya bomba na ya kisima yana chumvi, na chumvi inabaki kwenye nozeli. Thina, petroli na spiriti usisogeze kabisa, zinaharibu gundi na plastiki za hedi.

Naweza kuizibua hedi ya tanki mwenyewe nyumbani?

Kama bado ina waranti, ipeleke kwa aliyekuuzia. Kama waranti imekwisha na umeshapitia kusafisha mara tatu, usingizi wa saa 12, na usafishaji mkubwa, kuna njia moja ya upole tunayoweza kukushauri bila hofu.

Hedi ikiwa imetoka kwenye maegesho yake, chomoa waya wa umeme. Ni hapa tu ndipo tunaporuhusu kuchomoa hedi ikiwa njiani. Utaona pembeni kile kifuniko chenye sponji ndogo. Kifute uchafu ulioganda kwa pamba ya kijiti iliyolowana maji ya betri, kisha dondoshea matone machache hadi sponji ilowe bila kufurika. Rudisha umeme, washa, hedi ikikaa juu yake zima kwa kitufe. Iache usiku kucha. Asubuhi pima, kisha safisha mara moja tu.

Kusukuma maji kwa sindano moja kwa moja kwenye hedi ni kazi yetu sisi mafundi, na hata sisi tunaifanya mwisho. Presha ikizidi, hedi inapasuka ndani. Tone likiingia kwenye ule waya bapa unaopeleka umeme, bodi nzima inaweza kwenda nayo.

Mteja amesimama hapa, anataka barua sasa hivi.

Badilisha maandishi yawe ya bluu halisi, si ya kiza, uprinti. Kwa mashine za nyeusi ya chembechembe, chagua karatasi ya picha, weusi utatoka kwa mchanganyiko wa rangi. Usifanye hivyo kwa wiki nzima, unamaliza wino wa rangi.

Nitajuaje kwamba hedi imekufa kweli?

Pengo lilelile, mahali palepale, baada ya siku tatu za kulowekwa. Au nyeusi yote haipo wakati ukigusisha tishu chini ya hedi unaona wino mweusi unachuruzika vizuri: wino upo, umeme ndio haupo. Kwenye Canon za kundi la G hedi inatoka kwa mkono na unanunua ya nyeusi peke yake. Kwenye Epson ndogo, hedi ni moja kwa rangi zote na bei yake inaikaribia printa yenyewe, kwa hiyo tutakueleza ukweli kabla hujatoa hela.

Niko Nachingwea. Nikitaka kuituma kwa basi, niifungeje?

Usiyatoe matanki na usiyakaushe. Kaza vifuniko vyake vyote. Kama ina kitasa cha kusafirisha, kifunge. Izime kwa kitufe ili hedi ikae kwenye kifuniko chake, kisha ibane hedi kwa selotepu isitembee. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki, iweke kwenye boksi lake na nguo kuukuu pembeni, na uandike kwa maandishi makubwa upande upi ni wa juu. Mwombe konda aiweke ndani, chini ya kiti, isilale ubavu kwenye buti, na wewe mwenyewe usiilaze kwenye bodaboda ukiipeleka stendi. Ndani ya boksi weka chupa ya wino unaoutumia na zile karatasi za kipimo zenye tarehe.